Mkwe Aliyeongea na Gunia

Kwa miaka mitano mkwe wangu aliongea na gunia la maharagwe. Si kwamba alipenda. Mimi ndiye niliyemwelekeza huko.

Binti yangu wa pekee alisomea uuguzi, akapata mkataba wa kazi katika visiwa vya Tuvalu, mbali kabisa kwenye Bahari ya Pasifiki, na huko akaolewa na mwalimu wa shule ya msingi. Harusi niliiona kwenye simu. Kila Jumapili baada ya ibada walinipigia simu ya video, na binti yangu alipomaliza habari zake alimpa mumewe simu anisalimie. Hapo ndipo nilipogeuza ya kwangu. Mimi ni Mmeru wa zamani. Nilikuja Isiolo nikiwa mke wa mfanyakazi wa idara ya mifugo, nikabaki hata baada ya kufiwa, na duka langu la nafaka liko mtaa wa Wabera mpaka leo, lakini adabu niliyolelewa nayo nilikuja nayo. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakodoleani macho. Mama yangu akimwona mkwe wake anatokea kwenye kona, alijitanda leso akapitia katikati ya mahindi. Sasa mimi nipitie wapi, na mkwe yuko kiganjani? Nilielekeza kamera kwenye gunia, nikamjibu kwa upole wote niliokuwa nao, nikiamini anaona jinsi ninavyomheshimu.

Mjukuu wangu alikuwa ametimiza miaka minne na sikuwa nimewahi kumshika. Ahadi ilikuwa kwamba mkataba wa mama yake ukiisha watahamia Isiolo wote watatu. Chumba cha nyuma nilikipaka rangi mpya, nikanunua kitanda kidogo, nikatundika na chandarua. Nilikuwa hata nimeulizia kama zahanati ya karibu inahitaji muuguzi. Ndipo uchaguzi wa bunge wa nchi yao ukakaribia, na Jumapili moja binti yangu akaniambia kwamba mumewe anataka kugombea.

"Akishindwa tunakuja kama tulivyopanga, Mama," alisema. "Akishinda, itabidi tukae miaka minne mingine."

Nilimwambia ni jambo zuri. Kesho yake nikafunga duka saa nane mchana, kitu ambacho sifanyi hata nikiwa na homa, nikaenda kukaa kwenye kile kitanda kidogo nikalia mpaka kamasi.

Kosa langu lililofuata lilikuwa kumwambia jirani yangu. Yeye ni mama wa Kiborana anayeuza maziwa ya ngamia mlangoni pangu. Ananiita Mama Duka, nami namwita Mama Maziwa, na tumegombana na kupatana mara nyingi kuliko watu wa nyumba moja. Kufika alasiri mtaa mzima ulishajua kwamba nina mheshimiwa. Watu wa boda walikuja kuniuliza ni wa ukoo gani, ana chama gani, na ana magari mangapi. Niliwaambia kule hakuna vyama, kila kisiwa kinapeleka watu wawili, na wabunge wa nchi nzima hawajazi darasa moja la nasari. Wao hukutana baadaye wakamchagua waziri mkuu kutoka miongoni mwao. Na magari hana. Anakwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu, anakaa mkekani, anasikiliza. Hapo walimwonea huruma. Sisi tumezoea mgombea anayetanguliwa na vumbi la magari kumi na spika za kupasua masikio, na mtu wa kuja kwa miguu walimhesabu ameshaanguka.

Wanawake wa kanisani kwetu nao hawakubaki nyuma. Waliweka maombi ya Jumatano kwa ajili yake. Walipofumba macho kumwombea ushindi, mimi katikati yao niliomba ashindwe. Nasema wazi kwa sababu nimezeeka na sina haja ya kujipamba. Niliomba ashindwe kwa kura chache, asiaibike sana, halafu apande ndege na familia yake waje walale kwenye kile chumba.

Siku moja ya Jumanne, nikiwa nampimia mteja ndengu, simu ikalia. Haikuwa siku yao ya kupiga. Niliona ni mkwe peke yake, nikaigeuza haraka kwenye gunia kama kawaida. Tuliongea kwa Kiingereza, yeye kile chake cha kupanda na kushuka, mimi kile changu cha darasa la saba. Alisema Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka jina. Mama yake mzazi alishakufa, na hakutaka kusimama mbele ya watu bila baraka ya mzazi. Nilikuwa natafuta maneno ya kuzungukia jambo hilo aliponiuliza swali.

"Mama, nilikukosea nini?"

Nikamwambia hajanikosea kitu.

"Miaka mitano hujanionyesha uso wako," alisema. "Mke wangu ananiambia ni heshima ya kwenu, lakini nafikiri ananifariji tu. Kama hunitaki, sema. Ukiniambia nisigombee, sitagombea. Tutakuja huko kama mlivyopanga."

Niliitazama simu imeegemea mkebe wa kupimia, inatazama maharagwe. Yule mteja alikuwa ameshasahau ndengu zake, anasikiliza. Nilimwambia mkwe nitampa jibu kabla ya Ijumaa, nikakata.

Basi nilichokiomba Jumatano kilikuwa kimeletwa mlangoni. Neno moja tu, na kitanda kingepata mwenyewe. Nisingehitaji hata kusema uongo. Ningesema moyo wangu unataka mje, na huo ndio ulikuwa ukweli. Lakini nilijua ningekuwa nimefanya nini. Mtu alikuwa tayari kuacha jambo lake kwa sababu alidhani ninamchukia, na mimi nilikuwa nataka kuitumia dhana hiyo.

Mama Maziwa alikuwa amesikia yote, maana mlango wetu ni mmoja. Kwanza alisuuza vibuyu vyake vyote. Kisha akaja akakaa kwenye kigoda changu.

"Hata sisi Borana, mkwe hatuangalii hivi hivi," alisema. "Mimi najua hiyo kitu. Lakini heshima ni mpaka yule mwingine ajue unamheshimu. Hii kijana hajui, Mama Duka. Yeye anaona gunia tu."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia auze maziwa yake aniachie ukoo wangu. Hakukasirika, alinimiminia kikombe, akakisukuma mbele yangu, akarudi mahali pake. Nilikinywa nikiwa nimenuna, na kila nilipoinua macho niliona lile gunia.

Asubuhi ya Jumatano nilimpigia binti yangu. Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza: huyu mumeo anautakia nini ubunge? Nilitarajia aniambie mambo ya cheo. Aliniambia habari ya mama mmoja wa kisiwa chao, kisiwa kisicho na uwanja wa ndege, ambaye uchungu wake wa kujifungua uliharibika. Zahanati haikuwa na boti ya kuvuka bahari. Waliita meli kutoka mji mkuu, na meli ilipofika mama alikuwa amekufa mikononi mwa binti yangu. Mtoto alipona, sasa anatambaa. Mume wa binti yangu ndiye aliyechonga msalaba, na aliporudi kutoka makaburini alisema lazima mtu aende akaseme kuhusu hiyo boti mpaka wachoke kumsikia.

"Hukuniambia," nilisema.

"Hukutaka kusikia habari za huku, Mama. Ulikuwa unauliza tunakuja lini."

Ilinichoma, kwa kuwa ilikuwa kweli. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo yeye analijua kama hadithi tu, lakini mimi nalijua kwa mwili wangu. Binti yangu huyo alizaliwa ndani ya pikapu ya idara ya mifugo, kati ya kijiji cha Ngaremara na mjini Isiolo, mimi nimeegemea sanduku la chanjo za mbuzi na baba yake akiendesha huku analia. Gari la wagonjwa halikuwepo. Tulifika wazima kwa sababu siku hiyo pikapu ilikuwa na mafuta, basi, hakuna sababu nyingine. Nilikaa na jambo hilo siku nzima nikipima mchele na kuwakosea wateja vipimo.

Kwetu baraka ya mzazi haitolewi kwa mdomo tu. Moyo ukiwa unavuta upande mwingine, ni afadhali ukae kimya, maana maneno hayo yanaweza kumgeukia unayembariki. Kwa hiyo ilibidi kwanza niende kile chumba cha nyuma. Nilikaa kitandani tena. Nilimwambia Mungu kwamba lile ombi la kanisani nimeliondoa, na kwamba hili jipya linaniuma, alipokee hivyo hivyo likiwa linauma. Sikulia safari hii. Nilikuwa na hasira kidogo, na nadhani hilo pia alilisikia.

Alhamisi asubuhi nilinawa uso, nikafunga kile kitambaa changu cha Pasaka, nikaketi kwenye kigoda. Mama Maziwa alijifanya anapanga vibuyu. Nilipiga simu, nikamwomba binti yangu ampe mumewe, na nilipojua ameishika, niligeuza kamera ikanielekea mimi.

Mara ya kwanza kumwona mkwe wangu uso kwa uso, niliona utosi. Alikuwa ameinamisha kichwa hata kabla sijasema neno. Nywele zimeanza mvi, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, na macho yake yako chini kabisa, sakafuni. Binti yangu alikuwa amemfundisha. Kumbe alikuwa amejiandaa kuniheshimu siku zote, na nilimnyima wa kumheshimu.

"Inua macho, mwanangu," nilimwambia. "Leo tu."

Akainua. Tukatazamana, na hakuna aliyekufa.

Nilimwambia hajanikosea chochote, kwamba nilikuwa najificha kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na pia kwa sababu nilitaka mtoto wangu arudi. Yote mawili nilimwambia. Kisha nikasema, "Nenda ukagombee. Na ushinde. Uipate hiyo boti." Nikatema mate kidogo kuelekea kifua chake, kama mama yangu alivyotubariki sisi, na yakatua kwenye kioo cha simu. Kule Tuvalu, mwalimu mzima akapangusa shati lake. Mama Maziwa aliacha vibuyu akasema amina kwa sauti, mara tatu.

Siku ya kura ilipofika, kule vituo vilishafungwa wakati sisi tunafungua maduka, maana wametutangulia kwa saa tisa. Walihesabu jioni ileile yao, ambayo kwetu ni asubuhi. Watu wa boda walihamishia kijiwe chao mbele ya duka langu bila kuombwa. Walitaka kujua mawakala wako wangapi na fomu zimebandikwa wapi. Niliwaambia sijui, ninachojua ni kwamba wagombea ni watano na viti ni viwili. Nilipima sukari ya mtu mmoja mara tatu. Sasa nilikuwa natamani ushindi kwa ukali uleule niliokuwa nao nikitamani ashindwe, na sikujiamini hata kidogo kama yule aliyesikia ombi la kwanza alikuwa amelifuta.

Adhuhuri ilikuwa inakaribia binti yangu alipopiga. Kiti cha kwanza kilikwenda kwa mzee aliyekuwa bungeni tayari. Cha pili kilikuwa cha mume wake, kwa kura chache mno kiasi kwamba, alisema, kesho angeanza kuzunguka kumshukuru kila mmoja nyumbani kwake. Mama Maziwa alipiga vigelegele mpaka watu wa msikitini wakachungulia. Watu wa boda walipiga honi. Mimi nililia mbele ya wateja, na nitasema ukweli, nilifurahi na niliumia, na sikuweza kutenganisha chozi la hili na la lile.

Mkwe akachukua simu. Alinitazama mara moja, akainamisha macho kama inavyopasa, na akaongea akiwa ameyainamisha. Alisema kwa kuwa yeye ndiye aliyeharibu safari yao ya Isiolo, nauli ya kunipeleka kule ataitafuta yeye. Ni ndege kadhaa, kisha meli. Mimi maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya mto Ewaso Ng'iro ukifurika, na hata hayo niliyaona nikiwa nimeshika mti. Nilikubali kabla uoga haujanifikia.

Kitanda kidogo nilimpa Mama Maziwa kwa ajili ya mjukuu wake. Alikipokea akinitania kwamba sasa mimi ni akko ya baharini, maana kwao bibi ni akko, na kwamba nikirudi na harufu ya samaki nisikae karibu na maziwa yake. Wiki iliyofuata nilikwenda kupigwa picha ya pasipoti. Karani aliniketisha mbele ya kitambaa cheupe, akaniambia nitoe leso usoni, nitazame kamera moja kwa moja, na nisicheke. Yale mawili ya kwanza niliyaweza.