Waziri wa Maji wa Darasa la Saba

Harufu ya mchanga mbichi ndiyo inayonirudisha. Mafundi wakichimba msingi hapa Unyambwa, mchanga wa chini ukatoka na unyevu wake, nasimama njiani kama mtu aliyesahau aendako. Mwaka ule nikiwa darasa la saba mvua zilikata mapema, tangi la shule likakauka, na mwalimu mkuu akatutangazia mstarini kwamba maji ya uji yakikosekana shule itafungwa. Wenzangu walifurahia likizo. Mimi sikufurahi, maana baba alishaniambia, "Shule ikifungwa, usinisumbue tena. Utakwenda Ulemo kwa shangazi yako ukamchungie mbuzi." Baba hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa Historia alikuwa akitusimulia habari za Ulaya kati ya vile vita viwili vya dunia: vyama vinavyochukiana viliunda serikali ya mseto, vikagawana wizara, kisha mawaziri wakanuniana huku wananchi wamepanga foleni ya mkate. Hatukuelewa kitu. Basi akatufanya sisi kuwa baraza la mawaziri, nusu watoto wa Unyambwa, nusu wa Mwankoko, kijiji jirani, watu tuliorushiana mawe kila jioni. Zainabu wa Mwankoko, aliyejua kuongea kuliko walimu, akawa Waziri Mkuu. Mimi nikapewa Wizara ya Maji, na kazi yake ilikuwa ya kweli: kutafuta maji ya uji. Tulichimba shimo kwenye mto mkavu wa mchanga chini ya shule, tukashuka kimo cha mtu mzima, maji yakaanza kujikusanya taratibu. Nilikunywa kata ya kwanza nikalia kwa furaha.

Kwetu kila mtu anajua kwamba anayechota mwisho ndiye anayelifunika shimo kwa matawi ya miiba, ng'ombe wasiingie. Serikali yetu haikuridhika na utaratibu mwepesi hivyo. Tulikaa kikao, tukabishana, tukaandika zamu: leo sisi, kesho wao. Siku ya nane ilikuwa zamu ya Mwankoko, wakaondoka bila kufunika. Nikafunika mimi, miiba ikanichana mikono. Siku ya tisa nikamwambia Zainabu kwamba leo ni wao, wafidie ya jana.

"Kwenye karatasi ni zamu yenu, Mheshimiwa Waziri," akanijibu.

"Basi karatasi ndiyo ifunike!" nikasema, na wa Unyambwa wakanishangilia.

Nilipofika kona niligeuka. Miiba ilikuwa palepale, hatua tatu kutoka shimoni, na hakuna aliyeigusa. Nikaenda zangu nyumbani.

Asubuhi tulikuta kingo zimeporomoka, kinyesi kila mahali, na ndama amefia ndani. Nilifukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, Zainabu naye akifukua pembeni yangu, analia kwa sauti. Saa nne shule ikafungwa. Nyumbani nilipiga magoti. "Shikamoo baba," nikasema, na kabla hajaitikia nikaanza kumsihi. Aliangalia pembeni. "Kafunge nguo zako," akasema.

Mvua zilipokuja shule ilifunguliwa, wenzangu wakafanya mtihani wao. Zainabu alifaulu. Mimi nilisikia habari hizo nikiwa Ulemo, nyuma ya mbuzi, nikaufunika uso kwa kanga mpaka mbuzi wakaingia shamba la watu.

Sasa nimerudi Unyambwa, na bomba liko uani kwangu. Binti yangu yuko darasa la saba. Juzi aliniuliza, "Mama, serikali ya mseto ni nini?" Nikamwambia ni watu wanaoliona shimo liko wazi, kila mmoja anamsubiri mwenzake alifunike. Akaandika hivyohivyo. Jana daftari limerudi, na jibu hilo limepigwa mkasi wa kosa kwa kalamu nyekundu. Binti alininunia kutwa. Nilitaka kumweleza kwamba hilo ndilo somo pekee nililolimaliza, lakini machozi yalinitangulia.