Wake Wenza wa Msituni

Pale kijijini kwao Mgeta, kila mtu alijua kuwa Asha na Mwanvita, wake wawili wa marehemu Ahmadi, hawaivi chungu kimoja. Wasichokijua watu ni kwamba ugomvi ule ulikomea kwenye miti ya kwanza ya msitu.

Masika yakianza, walipanda msituni pamoja, na vikapu vyao. Asha, bi mkubwa, alijua majani: lipi mboga, lipi dawa ya homa ya mtoto, lipi ukilila utaharisha siku tatu. Mwanvita alikuwa kijana, mwepesi wa miguu. Ndiye aliyeparamia kuangua mabungo na kushuka korongoni kukata ukindu wa mikeka. Wakiisha kuchuma, walikaa juu ya jiwe wakila mabungo mpaka meno yakafa ganzi, huku wakimsema mume wao na kucheka hadi machozi. Wakirudi nyumbani, kila mmoja akafunga mlango wake.

Sasa Mwanvita ana miaka sabini, na Ahmadi alipokufa alihamia Mlali kwa binti yake, Shadya. Huko, mvua ikinyesha, alikuwa akisimama mlangoni akinusa hewa.

"Mama, unatafuta nini?"

"Udongo wa huku hauna harufu, mwanangu."

Masika ya mwaka huu ilikuja habari kwamba Asha, ambaye macho yake yalikwisha kupofuka, hataki kula. Asubuhi ile ile Mwanvita alipanda pikipiki mpaka barabara ilipokwisha, kisha akaendelea kwa miguu, akipumzika kila penye kona. Kabla ya kufika nyumbani alipinda kuelekea msituni. Siku hizi kuna vigingi vya mpaka wa hifadhi, vimesimama pale pale walipokuwa wakianza kucheka. Hakuvivuka. Alichuma ukingoni, kando ya kijito, akajaza kanga, ingawa nusu ya majani yale hakuwa na hakika nayo.

"Shikamoo, dada."

Asha aligeuza uso kitandani. "Marahaba. Umenenepa, nasikia unavyokanyaga."

Mwanvita akamwekea majani mapajani. Bi mkubwa akaanza kuyavunja na kuyanusa moja moja. Hili huku, hili kule. Ghafla akatupa moja mlangoni.

"Miaka yote nimekufundisha! Hili lingetumaliza wote wawili, tukamfuata Ahmadi siku moja."

"Angetukimbia huko huko."

Asha alicheka mpaka akakohoa. Mwanvita akapika yaliyobaki kwa karanga za Gairo alizokuja nazo, na Asha akala ugali, akaomba tena.

Mwanvita alikuwa amekusudia kulala siku mbili. Alikaa miezi minne, akimpikia na kumwogesha, mpaka mwezi wa nane Asha alipofariki. Baada ya arobaini, Shadya alipanda kumchukua mama yake, akarudi Mlali peke yake.

Mwanvita anaishi katika nyumba ya Asha, maana ya kwake ilikwisha kuanguka. Wanawake humletea majani awaambie kama yanalika. Mengine anayajua. Mengine anayageuza, anayanusa, halafu anayamwaga.

"Haya ni ya dada," huwaambia. "Aliondoka mapema, sikuwahi kumuuliza."