Tembo Amenimaliza

Bendi yetu ya Voi ilitoa santuri moja tu, mwishoni mwa miaka ya sabini, na hata hiyo wengi hawajui kama ilitoka. Mimi nilikuwa mwimbaji, mwanamke pekee kati ya wanaume wanne. Mpiga gitaa alitoka Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, naye ndiye aliyetunga wimbo wetu mkubwa, "Tembo Amenimaliza", baada ya tembo kuingia shamba la mama yake, wakala mahindi na kukanyaga yaliyobaki. Tuliuimba polepole. Watu wa Kasigau wakiusikia walikuwa wakiinamisha vichwa.

Ndipo akaja prodyusa, mzaliwa wa Mombasa mwenye studio Nairobi. Alikuwa amesomea kazi hiyo Ulaya, na miwani ya jua hakuivua hata ndani ya nyumba. Alisema tuna kipaji ila tunahitaji kufunguliwa macho. Tulifurahi sana. Hatukuwa tumejua kwamba yamefungwa.

Studio kulikuwa na mashine ya kupiga ngoma, basi mpiga ngoma wetu, aliyeomba ruhusa kazini ili aje, akapewa kayamba. Kisha ukafika wimbo wa tembo.

"Huu uende mbio," prodyusa akasema. "Mlevi halii hivi."

"Mlevi gani?" mpiga gitaa akauliza.

"Si mnaimba tembo? Pombe ya mnazi?"

"Ni ndovu, bwana. Mbona tumesema 'amenimaliza'?"

"Nilidhani ni Kiswahili chenu tu cha bara." Alimtazama kwa huruma. "Kijana, nani Nairobi atanunua wimbo wa ndovu?"

Tukaimba mbio. Mahindi aliyaacha humo wimboni, maana pombe ya busaa nayo inataka mahindi. Akaongeza milio ya glasi na kicheko chake mwenyewe, kirefu, pale shamba linapoisha. Kwenye kava tulipigwa picha ufukweni na mashati ya maua, sisi watu wa milimani.

Nairobi hawakuinunua santuri hiyo. Kwetu Voi walevi waliupenda wimbo ule kupita kiasi, wakawa wanainua glasi kila mahindi ya mama wa watu yakiliwa. Mpiga gitaa akarudi kwao kulima.

Miaka kadhaa baadaye nilimtembelea, nikabeba santuri na gramafoni ya betri ili tujicheke. Mama yake hakuwahi kuusikia wimbo huo. Alisikiliza mpaka pale penye kicheko.

"Huyu anayecheka ni nani?"

"Ni yule bwana wa Nairobi, Mama," nikamjibu.

"Ana shamba?"

"Hana."

"Nilijua."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Nikageuza upande wa pili, nikangoja upuuzi mwingine. Ulikuwa wimbo wa mapenzi ambao hata sisi tulikuwa tumeusahau. Hapo prodyusa alikuwa amenyamazisha mashine yake, akaliacha gitaa mbele, kila uzi ukisikika peke yake. Miaka yote ile nilisimama kando ya mtu huyu jukwaani, na sikuwahi kumsikia hivyo.

Mpiga gitaa mwenyewe alikuwa akitembeza vidole gotini.

"Rudisha sindano," akaniambia.

Nikairudisha. Nilipoaga, aliniomba nimwachie santuri, ingawa hakuwa na chombo cha kuichezea. Nikamwachia.