Frida na Sikukuu Asiyoijua

Frida Massawe hajui kusema hapana. Mimi, Jerusha, ninayeishi naye nyumba moja huku ughaibuni, Mount Druitt, nimemwambia mara nyingi kwamba huo si upole, ni ugonjwa. Sisi Wakenya ukituomba tusichoweza tutakwambia haiwezekani, yaishe. Mtanzania huyu atatabasamu, aseme ndiyo, kisha aje nyumbani kuniharibia jioni kwa kuhangaika.

Anafanya kazi katika kituo cha kulelea watoto kule Lidcombe. Watoto wanampenda, hata wale wanaolia asubuhi wakiachwa na wazazi hunyamaza akiwabeba. Lakini alikuwa kibarua wa kuitwa anapohitajika, na kila Jumapili kanisani alikuwa akiomba wamwajiri moja kwa moja. Basi Desemba ilipoingia, mkuu wa kituo, mama Mzungu mwenye roho nzuri, akamwambia angependa watoto wajifunze sikukuu za familia za Kiafrika. Alikuwa amesoma habari za Kwanzaa, akaona maneno yake ni ya Kiswahili, na Frida anasema Kiswahili, kwa hiyo bila shaka kwao wanaisherehekea. Je, angeweza kuwafundisha watoto?

Frida akasema ndiyo.

Alipofika nyumbani akaniuliza Kwanzaa ni nini. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilichojua kilikuwa kidogo: kwamba ni sikukuu ya Wamarekani weusi, iliyoanzishwa huko huko Marekani, na kwamba huanza siku inayofuata Krismasi. Mengine tuliyatafuta kwenye simu. Tukaona mkeka, kinara cha mishumaa saba, mahindi, kikombe, na kila siku na neno lake: umoja, ujima, nia, imani. Frida aliyajua maneno yote, lakini hakujua wenyewe wanafanya nini wakikaa mezani. Alisema ni kama kuona kanga zake zimeanikwa kwenye kamba ya jirani.

"Si ungemwambia tu hujui?" nikamwuliza.

"Dada Jerusha, ningemwambiaje? Alikuwa ameshafurahi."

Pengine angejikokota hivyo hivyo na mambo yakapita. Ila wiki hiyo hiyo mkuu akamletea habari nyingine: katika darasa lake kuna mtoto anaitwa Nia, mama yake ni Mmarekani mweusi, wanaiadhimisha Kwanzaa kila mwaka, na mama huyo angekuja kukaa na kusikiliza. Tangu hapo Frida hakula vizuri. Aliona wazi jinsi itakavyokuwa. Mama Nia angeuliza swali moja tu mbele ya mkuu, uongo ungejulikana, na kazi ingekwenda nao. Nikamshauri apige simu aseme anaumwa. Akakataa, akasema watoto wameshaahidiwa. Hapo ndipo nilipomkasirikia kweli, kwa sababu anajua kukataa, ila ananikatalia mimi tu.

Nianze na hili ili usihangaike kama nilivyohangaika mimi siku ya somo, kutwa nzima kazini ninakotunza wazee: hakufukuzwa. Mkuu ndiye aliyemwomba radhi, kwa kudhani bila kuuliza, na ameshamwambia nafasi ya mwakani ni yake. Nilipolisikia hilo nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikasahau kwamba nilikuwa nimepanga kumgombeza.

Mengine alinisimulia akiwa bado na viatu miguuni. Watoto walikuwa wameketi kwenye zulia, mkuu amesimama mlangoni, na Mama Nia amekaa nyuma na kapu magotini. Frida alikuwa na kinara cha karatasi alichokibandika mwenyewe. Alianza kusema "kwetu", akaishia hapo. Akaweka kinara chini. Akawaambia watoto kweli, kwamba kwao sikukuu hii haipo, na kwamba alipoulizwa alisema ndiyo kwa sababu aliona haya.

Kisha akawaeleza kilichopo. Desemba Wachagga waliotawanyika mijini hurudi kwao mlimani, barabara zikajaa, na nyumbani kwa baba yake huchinjwa mbuzi. Kila mtu ana fungu lake la nyama: kuna la babu, la shangazi, la mkwe, na hakuna anayegusa la mwenzake.

"And what do kids get?" mtoto mmoja akauliza.

Frida akamjibu kwamba kwao watoto hupewa maini, yakitoka motoni, kabla ya mtu mzima yeyote. Wakakunja pua wote, isipokuwa wawili waliotaka kuonja.

Ndipo akamgeukia Mama Nia, akamwomba ashike darasa yeye. Mama yule hakuinuka mara moja. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo.

"Ilibaki kidogo nisije," akasema. "Haya maneno nayasema kila mwaka mbele ya mama yangu na watoto wangu. Sijawahi kuyasema mbele ya mwenye lugha yenyewe. Wazee wetu walichukuliwa, na sisi hatukuambiwa walitoka kijiji gani wala walisema lugha gani. Tukachagua hii. Niliogopa utanisikia, halafu uniambie si yangu."

Frida anasema alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Siku zote hizo alikuwa akimwogopa mtu anayemwogopa yeye.

"Hata kwangu hii si lugha ya mama yangu," akamwambia. "Bibi yangu amekufa hajui kuiongea. Kwetu ni Kichagga. Kiswahili nilikikuta shuleni, nikafundishwa nimekaa chini, kama hawa."

Mama Nia akafuta macho, akatoa mkeka kwenye kapu. Nia akasogea kwenye zulia kumpisha mwalimu wake, na Frida akaketi katikati ya watoto kusikiliza.