Wafanyakazi Wote Sita

Barua ile niliiandika mimi, na nilijivunia. Nalisema mapema kwa sababu wenzangu wakisimulia habari hii siku hizi husema "tuliandika", lakini mwandiko ulikuwa wangu, maneno yalikuwa yangu, na kosa nalo ni langu.

Nilikuwa keshia katika duka la vyakula na vitu vya nyumbani pale Kilosa mjini. Tajiri wetu aliishi Mikumi, ambako alikuwa na duka kubwa zaidi, kando ya barabara kuu wanaposimama madereva wa malori. Letu lilikuwa tawi tu. Alikuja mara moja kwa wiki, akakagua rafu, akatugombeza kidogo ili tusimsahau, akala chakula cha mchana pamoja nasi, akarudi kwake. Hakuwa mtu mbaya. Naomba hilo lieleweke, maana mimi nina mdomo, na nikianza kulalamika watu hudhani namsema shetani.

Chakula hicho kilipikwa uani na mama mmoja wa kijiji cha Mabwerebwere. Ugali na maharage, mchicha, na siku ya tajiri, kisamvu cha karanga. Alikuwepo kabla yetu sote. Akimaliza kupika alifagia stoo, akafua aproni zetu, na mwenzetu akienda kuswali, yeye ndiye aliyesimama mlangoni kuangalia mikono ya wateja. Malipo yake yalitoka pamoja na hela ya mkaa na maharage. Kwenye karatasi ya mishahara hakuwemo. Sisi tulimwita Mama, basi. Ukiwa na njaa na hasira, kama ninavyokuwa mimi kila ikigonga saa sita, anayekupakulia humwoni kama mfanyakazi mwenzako. Unamwona mama tu.

Serikali ilipotangaza kima cha chini kipya cha mshahara kwa sekta binafsi, tulisikia kwenye simu ya mlinzi tukiwa tumezunguka sinia. Tulipiga makofi. Mama naye alishangilia, mwiko mkononi, akasema, "Mkipata msinisahau na kitenge." Tukacheka. Nilimwahidi vitenge viwili, kwa kuwa ahadi hailipiwi.

Wakati wa kuanza kulipa ulifika, ukapita, na mshahara ukaja ule ule. Tulipomuuliza tajiri, alionyesha uani kwa kidevu. "Mnakula hapa kila siku bure. Chakula hicho si mshahara? Niwaongeze hela, na bado niwalishe, mimi nitakula wapi?"

Hapo ndipo nilipopandisha mori. Niliwaambia wenzangu tumwonyeshe kwamba chakula chake si mshahara. Dawa yake ni moja, tusile. Wakakubali, maana nikikasirika ni rahisi zaidi kunikubalia.

Siku ya kwanza Mama alipika kama kawaida, akapakua, akaita. Hakuna aliyekwenda. Akaja mpaka kaunta, ananong'ona ili wateja wasisikie. "Mwanangu, nimekosea nini? Chumvi?"

"Hapana, Mama. Hatugombani na wewe."

"Sasa chakula kimekosa nini?"

Nilimwambia avumilie, mambo yatakuwa sawa. Siku ya pili alipika kidogo. Siku ya tatu nilimkuta ameketi kando ya jiko baridi, anachambua mchicha ambao alijua hakuna atakayeula. Ule mchicha uliniuma. Lakini nilikuwa na vita yangu, na mwenye vita haoni vizuri pembeni.

Jioni hiyo niliandika barua kwa afisa kazi, Morogoro. "Sisi wafanyakazi wote sita wa duka," nilianza, nikaona imekaa vizuri, yenye nguvu. Nikaorodhesha majina matatu matatu, la mtu, la baba na la babu, kila mtu akaweka saini. Tulimtia hata mlinzi, Msukuma mmoja mtu mzima ambaye hakuwa na miezi minne pale, na jina la babu yake nilimuuliza mara mbili nisije nikalikosea. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tulikuwa sita na neno likaharibika. Niliandikia kwenye meza ya uani. Mama alisogeza sufuria zake kunipa nafasi, akaifuta meza kwa upindo wa kanga ili karatasi isichafuke.

Tulishinda. Afisa kazi alikuja, mtu mpole, akazungumza na tajiri ofisini, akamwachia nakala ya barua, na mwezi uliofuata mshahara ukapanda. Siku hiyo hiyo tajiri alitukusanya. Hakupaza sauti.

"Mmesema chakula si mshahara. Sawa. Kuanzia Jumatatu kila mtu aje na chakula chake."

Kisha akaenda uani. Tulimsikia Mama akimjibu, "Sawa, baba. Hamna neno." Alifunga mwiko, kisu na mbuzi yake ya nazi ndani ya kanga, akapita dukani kutuaga. "Hongereni, wanangu," alisema, na alimaanisha. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikajiambia mpishi kama yule hakosi pa kupika. Mshahara mpya ulikuwa mtamu, sitadanganya. Nilipaua chumba changu cha pili.

Tawi halikumaliza mwaka. Wapo wanaosema tuliliua sisi kwa madai yetu, na maneno hayo hunikera mpaka leo, kwa sababu lilianza kuumwa kabla hatujasema lolote. Rafu zilikuwa zimepangwa mbele tu, nyuma hakuna kitu, na wateja wetu walikuwa wamehamia kwa wauzaji wa jumla. Siku ya kufunga, karani alitoka Mikumi na bahasha za kiinua mgongo. Orodha yake ilikuwa ile ile ya barua yangu.

Mama alikuwa amesikia. Alikuja amevaa vizuri, akaketi kwenye benchi karibu na mlango. Bahasha ya sita ilipotolewa, akainuka. Karani akaipitia karatasi juu mpaka chini, akaigeuza, nyuma hamna kitu.

"Mama, wewe humu hupo. Wenyewe waliandika wote sita."

Hakunitazama. Afadhali angenitukana, kutukanwa nimezoea. Nikamwambia, "Mama, kesho twende Mikumi, mimi na wewe." Akasema haya.

Tulimkuta tajiri nyuma ya kaunta, amepungua mwili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa uchovu, akasalimiana na Mama kwa heshima. Nikaeleza shida yetu. Alisikiliza yote.

"Huyu alikuwa mpishi wenu," akasema. "Ninyi ndio mliokuwa mkila. Na ninyi ndio mliosusa."

Alisema kweli, na ndiyo maana nilikasirika. "Na kile kisamvu cha kila wiki, mzee, kilikuwa kinaliwa na nani? Nani alikuwa anafagia stoo yako, anakulindia mlango? Kosa la kumwacha nje ya barua ni langu. La kumwacha nje ya karatasi yako ya mishahara ni lako. Yeye kosa lake lipi?"

Wateja waligeuka. Tajiri alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akavuta kitabu cha vocha za malipo.

"Nitampa sawa na ninyi," alisema. "Kwa awamu mbili. Hali yangu mnaiona."

Nilitokwa na machozi, mimi niliyekuja nimejiandaa kwa ugomvi mrefu. Mama alisema asante mara moja tu. Tajiri akaandika tarehe. Akaandika kiasi. Akafika kwenye mstari wa jina, kalamu ikasimama, akaniangalia.

"Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Miaka mitano nilikula kwa mkono wake, na kwenye simu yangu namba yake niliihifadhi kama Mama Chakula. Nikamwangalia tajiri, kwamba wewe ndiye uliyemwajiri, wewe utajua. Naye akaendelea kuniangalia mimi. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, tangu kichwani hadi vidoleni.

Mama angeweza kutuokoa pale pale, na hakutuokoa. Alimtazama tajiri, akanitazama mimi, mikono yake imetulia juu ya kaunta, akatuacha tutafute. Tulipokwisha kushindwa, aliweka kidole kwenye ule mstari mtupu, akalitaja mwenyewe, lake, la baba na la babu, polepole, na hakukitoa kidole mpaka lilipoandikwa lote.