Wafu Wote Wamo Humu

Wafalme wamenichosha. Nalisema wazi, mimi mwalimu wa historia wa sekondari hapa mjini Baraka, kando ya ziwa: wamenichosha wao, vita vyao, ndoa zao na makaburi yao. Vitabu shuleni hatuna. Vya zamani vilikwenda na vita, na vilivyoletwa baadaye vililiwa na mchwa kwenye depo. Kwa hiyo kila ninachofundisha nakitoa kwenye simu, kwenye ensiklopedia ya mtandao, ile ambayo yeyote anaisoma na yeyote anaweza kuiandika. Natafuta mfalme wa Misri, natafuta dola la Roma, natafuta mwanafalsafa wa Ugiriki, nasoma kwa Kifaransa, na kesho yake nanakili ubaoni mpaka vumbi la chaki linanijaa puani. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho nao wananakili bila kuinua kichwa, kwa sababu mtihani wa Serikali hauulizi kama umechoka.

Shida ni rezo, mtandao wa simu. Kwangu haishiki kabisa. Shuleni inashika ikitaka. Mahali ilipokuwa inashika sawasawa ni nyuma ya jiko la mama yangu, kati ya ukuta na kamba ya nguo, na usiniulize kwa nini. Basi kila nikitoka shule nilipita kwa mama, nikageuza ndoo nikaikalia, nikafungua simu. Mama alikuwa anakaa mkekani palepale, maana miguu ilikuwa imeanza kumvimba na shamba alishaliacha, anabangua karanga au anachagua maharagwe. Na mama hakuwa mtu wa kukaa karibu na jambo bila kuliingilia.

“Uko natafuta nani leo?”

“Mfalme, mama.”

“Wa wapi?”

“Wa Misri. Wa zamani sana.”

“Soma na mi nisikie.”

Ningefanya nini? Kichwa kinaniuma, nina njaa, lakini nasoma kwa Kifaransa na kumgeuzia kwa Kiswahili. Kila mara alinikatiza palepale. Hakutaka kujua mfalme alishinda nani. Aliuliza mama yake ni nani. Nikiangalia, mara nyingi ukurasa unasema mama yake hajulikani.

“Hajulikani na nani?” Mama alikasirika kabisa, kana kwamba mimi ndiye niliyeandika. “Alijizaa peke yake? Muntu iko na jumba, iko na askari, halafu mama yake habamujui! Bongo hiyo, banadanganya.”

Mmoja tu alimpendeza, yule mzee wa Ugiriki aliyehukumiwa kunywa sumu. Ukurasa wake unasema mama yake alikuwa mkunga, anazalisha wanawake wa mji. Mama aliacha karanga, akapiga mapaja. “Njo muntu kweli huyo! Mama yake alikuwa na kazi!” Nilimrudia huyo mzee mara nyingi kuliko mtihani wowote ulivyohitaji, kwa sababu mama alimwomba kama watoto wanavyoomba hadithi ileile.

Habari nyingine ilimchekesha. Mfalme wa Misri, badala ya kuandikiwa mwaka wa kuzaliwa, ameandikiwa “kuelekea” mwaka fulani, maana hakuna anayeujua kwa hakika. Na kadi ya mama ya kupigia kura nayo ina neno lilelile mbele ya mwaka wake. Alicheka mpaka akakohoa. “Kumbe na yeye alikosaka cheti.”

Siku moja akataka nitutafute sisi. Nikaandika Fizi, wilaya yetu. Ukurasa ulikuwa mfupi: ukubwa wa ardhi, mipaka, halafu vita, halafu vita vingine, halafu waliokimbia. Nikamsomea wote.

“Ni ile tu? Na samaki?”

“Samaki hawapo, mama.”

“Na muhogo? Na Kazimia siku ya soko?”

“Hamna.”

“Basi batu bakisoma, batajua sisi tunakulaka risasi.” Akasukuma ungo pembeni.

Lazima nieleze na kazi yangu ya pili, ambayo sikuiomba. Kwetu mtu akifa, matanga yakikaa uani, kabla ya kuelekea makaburini mmoja wa familia anasimama kando ya sanduku na kusoma biografia ya marehemu. Alizaliwa wapi, na nani, alisoma wapi, aliolewa na nani, aliugua nini, na mwisho kabisa, kwa sauti ya kushuka, ameacha watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Watu wote wananyamaza, hata wapishi wanaacha miiko. Sasa kwa kuwa mimi ni mwalimu wa historia, mtaa mzima uliamua kwamba biografia ni kazi yangu. Nimeandikia wavuvi wa Ubwari walioletwa kwa mtumbwi, nimeandikia wakulima wakimbizi wa Burundi, nimemwandikia mtu ambaye hata jirani zake hawakujua alitoka wapi. Mtu anakuja anabisha hodi macho mekundu, unamwambia nini, kwamba umechoka? Unachukua kalamu.

Ndiyo maana mchana mmoja, mama aliponiuliza kama kwenye simu mna watu wa namna gani, nilijibu bila kufikiri, simu ikiwa usoni: “Wafu wote wamo humu, mama. We taja tu.”

Akairudisha punje ya karanga kwenye ungo. Kisha akataja jina. Lilikuwa jina la kwetu, la Kibembe, la kike. Katika karatasi hizi sitaji jina la mtu, na hilo pia silitaji.

Nikaliandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Nilijua ni malkia wa zamani au mke wa chifu fulani wa milimani, na kusema kweli niliudhika kidogo, maana nilikuwa bado sijamaliza Roma. Jibu likatoka: hakuna ukurasa wenye jina hilo.

“Hayumo. Alitawala wapi huyo?”

“Hakutawalaka fasi yoyote.”

“Alikuwa mke wa nani basi?”

“Hakukuwa bibi ya muntu.” Mama alikuwa anaangalia simu, si mimi. “Alikuwa hajajua hata kukaa. Si umesema bafu bote?”

Nikaishusha simu. “Wakubwa, mama. Wafu wakubwa.”

“Aa,” akasema. “Bakubwa.” Akaendelea kubangua.

Sikumharakisha. Alinieleza kidogokidogo, siku hiyo na siku zilizofuata, huku akichagua maharagwe kana kwamba anazungumzia habari za sokoni. Nilikuwa na dada mbele yangu. Alizaliwa milimani, na walipokimbia kuteremka ziwani alikuwa bado mchanga. Walivuka kwa mtumbwi kwenda Tanzania, watu wamebanana, baridi, wamekatazwa hata kukohoa wasije wakasikika. Walipofika ng'ambo, mtoto alikuwa ameshakufa. Walimzika mchangani, wakaendelea na watu wengine kwenda kambini, na mahali penyewe hakuna atakayepaonyesha. Baba alikataza jina lake lisitajwe, kwa sababu mama alikuwa haachi kulia na maziwa yalikuwa bado yanatoka. Baadaye nikazaliwa mimi, kambini huko.

“We ulikuja nyuma yake,” mama aliniambia. “Ukanyonya yale yale maziwa.”

Miaka yote hiyo nimekuwa nikisema mbele ya watu kwamba kwetu tumezaliwa sita. Niliumia, na nikakasirika pia, sijui hata nilimkasirikia nani.

Toka hapo mama akawa na ombi moja, na hakuliacha. “Utaniandikia biografia. Kama haingii mu telefone, ataingia mu biografia yangu. Utamutaja na jina yake.”

“Mama, acha maneno hayo. Utapona.”

“Andika. Halafu unisomee.”

Hapo nilikataa. Kwetu kumsomea biografia mtu anayepumua ni kumchimbia shimo akiona. Mama akasema yeye ni Mkristo, haogopi karatasi. Tulibishana wiki nzima, jirani akadhani tunagombania shamba. Mwishowe nikaandika, nikamsomea nyuma ya jiko kwa sauti ndogo, nikiangalia asipite mtu.

Alisikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana. “Umeandika vita tu,” akasema. “Vita ile, kukimbia, kambi, vita ingine. We ni sawa na telefone yako. Mi nililima. Niliuzisha samaki ya ndakala Kazimia, bibi za kule bananijua. Nani alifundisha batoto kuimba kwa kanisa, si mi? Vita, weka mustari moja. Batoto, weka bote.”

“Na huyu nimwandikeje? Kwamba alifia ziwani?”

“Usiandike alikufa. Andika nilimuzaa.”

Nikaandika upya. Alizaa watoto saba, na majina yote saba kwa mpangilio, la sita likiwa lake. Akanifanya nirudie hilo peke yake. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia nichemshe chai.

Mama alitutoka mwanzoni mwa mvua. Sina nguvu ya kueleza zaidi ya hapo. Wale niliowaandikia wazazi wao walikuja wote, wakaleta kuni na unga, wakakaa na mimi.

Kaka yetu mkubwa, tunayemwita yaya, alifika kutoka Lulimba kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Yeye anachimba dhahabu huko tangu ujana, mtu wa maneno machache na mkono mzito. Desturi ni kwamba familia inasoma biografia kwanza, ndani, kabla haijasomwa uani. Nikampa karatasi. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Kidole kikafika kwenye jina la sita, kikasimama.

“Toa hii.”

“Sitoi. Ni neno la mama.”

“Toa. Batu watauliza.”

“Na waulize! Mi naandikia muji muzima, ya mama yangu ndiyo ikatwe?” Nilipandisha sauti, mama mdogo akanishika mkono. Na yeye akasema yaya ana haki, biografia huhesabu walioachwa, si waliotangulia, na mtoto asiye na kaburi hatajwi siku ya kaburi.

Yaya hakupiga kelele. Aliniangalia tu, macho yake yamechoka kuliko yangu. “We haukukuwa,” akasema. Akatoka nje.

Kweli, sikuwepo. Nilibaki nimeshika ile karatasi, na kalamu mtu ameshaniwekea mkononi, wakisubiri nikate. Sikukata. Sikubishana tena pia, sikuwa na nguvu za kubishana. Niliikunja nikaiweka kwenye kitenge.

Uani nilisimama kando ya sanduku. Nilisoma alipozaliwa, kuelekea mwaka fulani, na mtu akacheka kidogo, maana walimjua mama na cheko lake. Nikasoma shamba, nikasoma ndakala wa Kazimia, nikasoma kwaya. Vita niliviweka mstari mmoja. Nikasoma, “Alizaa watoto saba,” na minong'ono ikaanza upande wa wanawake, saba wapi, si sita? Nikaanza majina. La kwanza, la yaya. La pili, la tatu, la nne, la tano.

Hapo nikakwama. Si kwamba niliogopa. Nilikuwa tayari hata kugombana mbele ya sanduku. Jina tu lilikataa kutoka. Sikuwahi kulitaja kwa sauti maisha yangu yote, zaidi ya pale nyuma ya jiko, na aliyekuwa akinisikiliza pale sasa alikuwa amelala mbele yangu. Watu wakadhani ni kilio. Mchungaji akanyoosha mkono kuichukua karatasi anisaidie.

Yaya akainuka kutoka upande wa wanaume. Nikajua anakuja kunipokonya. Alikuja akasimama karibu yangu, hakuigusa karatasi, akalitaja lile jina. Akalitaja tena, kwa nguvu, ili na walio barabarani wasikie.

“Njo huyo wa sita,” akasema. “Mama alikuwa na mizigo, mi njo nilimubeba mu mutumbwi. Nilikuwa mutoto. Alinyamaza, na mi nikafurahi, nikawaambia amelala. Nilimubeba mpaka ng'ambo, nikijua amelala.”

Hakuna aliyekohoa pale uani. Yaya akajifuta uso kwa kiganja, vumbi la Lulimba likachora mistari.

“Endelea,” akaniambia.

Nikaendelea. Jina la saba ni langu, nikalisoma, kisha nikateremsha sauti kama inavyotakiwa: ameacha watoto sita na wajukuu wengi.