Mlevi wa Simu Nyumbani Kwetu

Nichekeni tu, nimeshazoea. Darasani mimi ndiye bingwa wa kuwaita wengine watoto wa mama.

Dadangu Njeri yuko chuo kikuu. Anapima vile wanafunzi wenzake wamelewa simu, kwa kutumia programu inayorekodi kila kitu unachofungua. Aliijaribu kwanza kwa simu yake mwenyewe, na hakuniambia. Sasa, kila akienda mazoezi ya kwaya hapa Kitengela, yeye huacha simu kwa chaji, na nambari yake ya siri naijua.

Jumapili tukila chapati, Njeri akamwambia mama, "Programu inasema mimi ndiye mlevi. Eti narudia video moja tu, tena saa zile niko kwaya."

"Hiyo ni shetani," nikasema. "Mama, mwombee."

"Wacha tuone shetani anapenda nini," Njeri akajibu, akaiweka kwa TV.

Ilikuwa ile ya kule Kisaju, kabla shamba la shosho, nyanya yetu, halijauzwa. Mimi mdogo, bila suruali, nikimlilia mbuzi aliyekula andazi langu. Halafu sauti ya marehemu shosho: "Kuja hapa, mzee wangu. Nitakupikia lingine, na huyo mbuzi hataonja."

Nilikaza uso kama mgeni. Lakini mama na Njeri hawakuwa wanaangalia TV. Walikuwa wananiangalia mdomo, kwa sababu ulikuwa unasema kila neno pamoja na shosho.